Kibumba: Nguruwe wa pori wanalala katika shamba la jirani asiyekuwepo

Katika kijiji kimoja cha Kibumba, kilomita zipatazo 20 kaskazini mwa mji wa Goma, mama mmoja wa watoto watano aliamka kabla ya jogoo, akabeba jembe na ndoo, akaenda kuchimba viazi vyake vya kwanza tangu arudi nyumbani. Alikuta vimeshachimbwa.

Mistari minne mizima ilikuwa imepinduliwa, kana kwamba watu kumi walilima usiku kucha bila kupumzika. Viazi vikubwa vilikuwa vimeliwa, vidogo vimekanyagwa na kuchanganywa na udongo. Kando ya shamba kulikuwa na nyayo za kwato mbili mbili, nyingi, kubwa kwa ndogo. Hakuhitaji kuuliza. Kila mlimaji anayeishi karibu na mbuga ya Virunga anazijua nyayo hizo: ni za nguruwe wa pori.

Mama huyo alikaa juu ya jiwe jeusi la volkeno, akaanza kuhesabu. Mbegu alikuwa amezikopa, kwa ahadi ya kurudisha gunia moja na nusu kwa kila gunia. Mistari minne ilikuwa ndiyo deni. Iliyobaki ilikuwa ndiyo chakula, sabuni na karo ya watoto. Na nguruwe wakishaonja, hurudi.

Habari hii inamhusu mama mmoja tu na shamba lake moja. Lakini familia nyingi zilizorudi vijijini, na nyingi ambazo bado ziko mbali, zitajiona ndani yake.

Mwishoni mwa mwaka 2022, vita vilipofika Kibumba, familia hiyo iliteremka kwa miguu hadi Kanyaruchinya, pamoja na maelfu ya wengine. Waliishi zaidi ya miaka miwili chini ya turubai, juu ya mawe ya volkeno, mahali ambapo hata mstari mmoja wa lenga lenga ni shida kuupanda. Mapema mwaka 2025, mapigano yalipofika Goma kwenyewe na kambi zinazouzunguka mji zikavunjwa, walifunga tena mizigo, wakapanda barabara ileile waliyoshukia. Mume wa mama huyo alikuwa ameondoka kutafuta kazi upande wa Walikale, na hajarudi. Kijana wake wa kwanza, mwenye miaka 17, ndiye aliyesukuma chukudu yenye sufuria, magodoro na mdogo wake wa mwisho.

Nyumba waliikuta bila mabati. Shamba walilikuta limekuwa pori, nyasi zikimfikia mtu kifuani. Walifyeka, wakalima, na mwezi wa tatu wakapanda viazi na maharagi. Walipokuwa kambini waliota ndoto ya siku hiyo. Hakuna aliyewaambia kwamba wakati wao wakiwa chini, kuna wengine waliokuwa wamehamia juu.

Nguruwe wa pori si nguruwe wa nyumbani aliyetoroka zizini. Ni mnyama wa Afrika tangu zamani, mwenye manyoya ya hudhurungi au meusi, nywele ndefu nyeupe nyeupe mgongoni, na meno mafupi makali yanayoweza kumpasua mbwa. Huko mbugani ana ndugu zake: ngiri, anayependa nchi tambarare upande wa Rwindi na hutembea mchana, na nguruwe mkubwa mweusi wa msituni, ambaye wataalamu wa Ulaya walimwandika kwa mara ya kwanza mwaka 1904, ingawa wenyeji walimjua siku nyingi. Lakini anayeogopwa na walimaji ni huyu wa kawaida, kwa sababu anajua kuishi karibu na watu bila kuonekana.

Mchana hulala katika kichaka kizito. Hukata nyasi na matawi na kujitengenezea kitanda. Usiku huamka na kundi lake: dume, majike na watoto, mara nyingi kati ya watano na kumi. Pua yake ndiyo jembe lake na ndiyo macho yake. Ananusa kiazi kilicho chini ya udongo, anakifukua na kupita kwenye kinachofuata. Anakula viazi, viazi vitamu, mihogo, mahindi, maharagi, minyoo, hata mzoga. Tumbili huharibu mchana, na mtoto mwenye jiwe anaweza kumfukuza. Nguruwe huharibu usiku, wakati mlimaji amelala.

Zamani, kabla ya vita, dawa ilikuwa moja: kutolala. Viazi vilipoanza kujaa, kila familia iliyokuwa na shamba pembeni ilijenga kibanda cha nyasi. Baba au kijana alilala humo, moto ukiwaka mlangoni. Kila baada ya muda alipiga debe au kuvuta kamba yenye makopo, na jirani wa shamba la pili alimjibu kwa kelele yake. Wazee wanakumbuka usiku wa mwezi wa tano na wa sita jinsi kelele hizo zilivyokuwa zikipita kutoka shamba hadi shamba. Nguruwe walisikia kwamba kila mahali kuna mtu macho, wakabaki mbugani.

Leo nani atalala shambani? Mwanga wa tochi katikati ya mashamba saa nane za usiku unaweza kueleweka vibaya na mtu yeyote mwenye bunduki. Kelele ya debe inaweza kumleta asiyeitwa. Mama huyo alijaribu usiku mmoja tu, yeye na kijana wake, bila moto, wamejifunika blanketi. Katikati ya usiku walisikia viatu vikipita njiani. Hawakujua ni vya nani. Walilala kifudifudi mpaka kukapambazuka, na hapakuwa na haja ya kuambiana kwamba hawatarudi.

Nguruwe walirudi usiku uliofuata, wakamaliza mistari mingine miwili.

Ndipo kijana akaleta wazo lake. Mahali anapochajisha simu, rafiki yake alimwonyesha video kutoka Texas, Marekani. Huko pia nguruwe wanaharibu. Si wa asili ya nchi ile: Wahispania walileta nguruwe wa kufugwa katika karne ya 16, wengine wakatoroka, na baadaye watu wakaongeza nguruwe mwitu wa Ulaya kwa ajili ya kuwinda. Leo wako katika majimbo zaidi ya 30. Wenye ardhi wanaofuga au kuhifadhi kulungu kwa ajili ya wawindaji huwawekea mahindi porini, lakini nguruwe ndio wanaofika kwanza na kuyamaliza. Katika video, watu walikuwa wakiwapiga risasi usiku kwa bunduki zenye darubini zinazoona gizani. Tangu mwaka 2011 sheria ya Texas inaruhusu hata kuwapiga kutoka helikopta.

Kijana wa Kibumba hakuwa na bunduki, na mama yake hakutaka hata kusikia neno hilo likitajwa ndani ya nyumba. Lakini waya ulikuwepo. Kijana alisema atatega vitanzi kwenye njia wanayopitia nguruwe kutoka mbugani. "Mama, wao wanakula chakula chetu, na sisi tuwale wao," alisema. Kwa familia iliyomaliza wiki tatu bila kuonja nyama, maneno hayo hayakuwa ya kipumbavu.

Mama alikataa, na alikuwa na sababu tatu.

Ya kwanza ni sheria. Virunga ni mbuga tangu mwaka 1925, na uwindaji ndani yake umekatazwa. Sheria ya uwindaji ya tarehe 28 Mei 1982 na ile ya uhifadhi wa mazingira ya tarehe 11 Februari 2014 zote zinalisema. Mama huyo hajazisoma, lakini anamjua mtu aliyekamatwa na nyama, na anajua familia ile iliuza nini ili kumtoa.

Ya pili ni kwamba kitanzi hakichagui. Waya uliotegwa kwa ajili ya nguruwe au swala humnasa pia gorila wa milimani, hasa watoto wao wanaocheza chini. Wengine hukatika mkono, wengine hufa kwa kidonda. Katika milima yote ya Virunga, pande za Congo, Rwanda na Uganda zikijumlishwa, hesabu iliyofanywa mwaka 2015 na 2016 ilipata gorila 604. Kabla ya vita, gorila hao walileta wageni, na wageni walileta kazi kwa vijana wa Rutshuru na Nyiragongo. Mama alimwambia mwanawe kwamba wageni wanaweza kurudi siku moja, lakini gorila akishakufa harudi.

Sababu ya tatu aliijua kwa macho yake. Katika kijiji cha jirani, mtu mmoja alileta nyumbani nyama ya nguruwe wa pori. Aliikatakata uani, maji ya kuoshea yakamwagwa karibu na zizi, na mabaki mabichi akawapa nguruwe wake wanne wa kufugwa. Baada ya siku chache nguruwe hao walianza kutetemeka kwa homa, wakaacha kula, masikio na tumbo vikageuka vyekundu, kisha rangi ya zambarau. Wote wanne walikufa ndani ya juma moja, na baada yao wale wa nyumba mbili za karibu.

Hakuna aliyepima damu ya wanyama hao. Lakini dalili hizo ni zile za homa ya nguruwe ya Afrika, ugonjwa ulioandikwa na wataalamu kwa mara ya kwanza nchini Kenya mwaka 1921. Nguruwe wa pori na ngiri wanaweza kubeba virusi vyake bila kuumwa. Nguruwe wa nyumbani akivipata, karibu kila mara hufa, na hakuna dawa ya kumtibu. Binadamu hauguzwi na ugonjwa huu, lakini anaubeba: kwenye nyama, kwenye kisu, kwenye viatu, kwenye ndoo ya mabaki ya chakula. Kwa mama aliyerudi kutoka kambini akiwa na nguruwe jike mmoja aliyepewa na dada yake, nyama hiyo ya bure ingekuwa ghali kuliko viazi vyote vilivyoliwa.

Hivyo kijana aliweka waya chini. Ila aliuliza swali ambalo mama yake hakuweza kulijibu: "Sasa tufanye nini?"

Swali hilo lilifika kwa muzee mmoja wa kijiji, ambaye katika ujana wake alilala vibandani miaka mingi. Muzee hakutoa jibu. Aliuliza tu nguruwe wanaingilia upande gani. Wote walionyesha mbugani. Muzee aliomba wafuate nyayo mchana, polepole, bila kuacha njia inayopitwa kila siku na watu na mbuzi. Katika nchi iliyopita vita, kukimbiza mnyama kichakani ni hatari kuliko mnyama mwenyewe: kitu cha chuma kilicholala kwenye nyasi kinaweza kuwa bomu lisilolipuka.

Nyayo hazikuelekea mbugani. Zilipita kando ya maharagi, zikavuka mfereji, zikaingia katika shamba la jirani wa kushoto. Pale, katikati ya nyasi na miti michanga iliyoota yenyewe, waliona njia za vichochoro, matope yaliyosuguliwa kwenye shina, na vitanda vya nyasi zilizokatwa. Nguruwe hawakuwa wakitembea kilomita nyingi kila usiku. Walikuwa majirani. Walikuwa wamehamia katika shamba la familia iliyokimbia wakati uleule, ikavuka mpaka na kuishia katika kambi ya Nakivale, Uganda.

Jambo hili linajulikana mahali pengine pia. Upande wa Uganda, watafiti waliofuatilia mashamba yanayozunguka msitu wa Kibale waliona kwamba hasara kubwa huwapata wale walio karibu kabisa na msitu, na kwamba hata kati ya hao, mmoja anaweza kupoteza kidogo na mwenzake akapoteza shamba zima. Shamba lenye mashamba mengine mbele yake lina ngao. Shamba lililopakana na kichaka halina. Na huko Marekani, wenye ardhi wenyewe wanakiri kwamba kumpiga nguruwe mmoja huwatawanya wenzake na kuwafundisha ujanja. Ndiyo maana wengi sasa hujenga uzio wa duara wenye mlango unaoanguka, wanawazoesha kuingia humo kula, na kufunga siku kundi zima limeingia. Lakini hata wao, na bunduki zao na helikopta zao, bado wanao.

Kwa hiyo muzee alisema jambo moja: mwondoleeni kitanda chake. Kichaka kikifyekwa, nguruwe hana pa kulala mchana. Atalazimika kutoka mbugani kila usiku, kuvuka mahali peupe, kupita mashamba mengine. Si kwamba hatakuja, ila atakuja mara chache.

Kila mtu alielewa. Hakuna aliyeinuka.

Anayeishi Kivu ya Kaskazini anajua sababu. Kufyeka shamba la mtu asiyekuwepo ni kazi ndogo kwa panga na ni jambo kubwa kwa moyo. Ugomvi mwingi wa ardhi umeanza hivyo: mmoja alifyeka kwa wema, mwaka wa pili akapanda maharagi, mwaka wa tatu akapanda migomba au mikaratusi, na mwenye shamba aliporudi alikuta mtu anasema, "Hapa ni kwangu, muulize yeyote." Mama huyo mwenyewe, akiwa Kanyaruchinya, alilala usiku mwingi akiwaza ni nani anayelima kwake. Sasa alikuwa anaombwa kuweka panga katika shamba la mwenzake anayelala na mawazo yaleyale.

Nguruwe, kwa namna yao, walikuwa wanakula matunda ya hofu hiyo. Shamba likiachwa kwa sababu ya vita, linakuwa pori. Majirani wakiogopa kuligusa kwa sababu ya ugomvi wa ardhi, linabaki pori. Na pori likiwa katikati ya kijiji, mbuga imehamia kijijini.

Ilichukua siku tisa kupata namba ya simu. Ilipitia kwa binamu mmoja wa Rutshuru, kwa mchungaji mmoja, kisha kwa mwanamke anayeuza mboga kambini Nakivale. Jibu la kwanza la jirani lilikuwa ukimya, halafu: "Nani mwingine yuko hapo na wewe?" Alitaka kumsikia muzee. Alitaka kumsikia chifu. Aliuliza kama miti ya mpaka bado imesimama. Kijana alikwenda na simu, akapiga picha mti mmoja baada ya mwingine, akazituma. Jioni ikaja sauti ya baba yule, taratibu: "Ule wa pembeni aliupanda baba yangu."

Walikubaliana, na makubaliano yaliandikwa kwenye karatasi ya daftari la shule, mbele ya chifu na mashahidi wanne. Kwanza, shamba litafyekwa lote, na miti ya mpaka isiguswe. Pili, litapandwa maharagi tu. Hakuna kupanda mti wala mgomba wala kitu chochote kinachodumu zaidi ya msimu mmoja. Tatu, theluthi moja ya mavuno itawekwa kwa ajili ya mwenye shamba, kama mbegu ya siku atakaporudi. Nne, makubaliano yanaanza upya kila msimu, na siku mwenyewe akifika, yanakufa siku hiyohiyo. Waliojua kuandika waliandika majina yao, wasiojua waliweka kidole. Picha ya karatasi ilitumwa Nakivale, na karatasi yenyewe inakaa kwa chifu.

Jumamosi iliyofuata ilikuwa salongo. Walikuja watu 23, wengine wakiwa na panga moja kwa watu wawili. Waliambiwa kabla ya kuanza: anayeona chuma asikiguse, asimame, arudi kwa nyayo zake mwenyewe, aite. Walianza kwenye njia ya watu, wakafyeka kuelekea ndani, kwa kelele kubwa na upande wa mbuga ukiwa wazi, ili wanyama wapate pa kukimbilia na wasimrukie mtu. Nguruwe jike aliyezuiwa na watoto wake hana utani. Karibu na saa nne za asubuhi kundi lilitoka: wakubwa watatu na watoto wanne wenye mistari mgongoni, wakakimbia kuelekea mlimani. Watoto wa kijiji walipiga kelele kama kwenye mpira. Kijana wa mama huyo alisimama akiwahesabu kimya. Baadaye alisema kwamba alidhani walikuwa thelathini.

Baada ya kufyeka, kazi haikwisha. Mawe ya volkeno, ambayo kila mlimaji wa Nyiragongo huyalaani anapolima, yaliokotwa na kupangwa kuwa ukuta upande unaotazama mbuga. Wazo hilo si geni. Upande wa Rwanda, mbuga ya Volkano ina ukuta mrefu wa mawe wa kuzuia nyati, na upande wa Mgahinga, Uganda, upo pia. Ukuta wa Kibumba ni mfupi, unamfikia mtu kiunoni, na hauzidi urefu wa mashamba matano. Nguruwe akitaka kuuzunguka, ataweza. Lakini analazimika kutafuta njia, na njia zilizobaki zinajulikana. Jiwe likianguka, mwenye shamba lililo karibu hulirudisha siku hiyohiyo, maana pengo moja linatosha kundi zima.

Walibadilisha pia mpangilio wa mimea. Viazi, ambavyo nguruwe anavipenda kuliko vyote, vilihamishwa karibu na nyumba. Pembeni, upande wa ukuta, walipanda vitunguu na poro, ambavyo havimvutii kama viazi. Na waliamua kupanda ndani ya juma moja, ili mavuno yakomae pamoja. Shamba linalokomaa peke yake, kabla au baada ya mengine, hubeba njaa yote ya nguruwe peke yake. Yakikomaa pamoja, hasara inagawanyika, na kuvuna kunakwisha haraka.

Msimu wa pili haukuwa wa miujiza. Nguruwe walikuja mara tatu. Mara moja waliingia kwa familia iliyo mwisho wa ukuta na kuharibu mistari sita, na majirani walichanga viazi kidogo kidogo kuifidia. Jambo hilo halikuwa kwenye karatasi yoyote, lakini bila hilo ukuta usingedumu, kwa kuwa aliye mwisho asingeona faida ya kuubeba. Kwa mama huyo walipita pembeni, wakafukua vitunguu vichache, wakaviacha palepale. Alivuna viazi vya kutosha kulipa deni la msimu wa kwanza na kubaki na magunia mawili. Kijana wake aliyashusha Goma kwa chukudu.

Kuna yasiyobadilika. Bado hakuna anayelala shambani, na mpaka siku ambapo mtu ataweza kuwasha moto usiku bila kuogopa, nguruwe watakuwa na usiku wao. Upande wa chini wa kijiji kuna mashamba mengine matatu ambayo ni vichaka mpaka sasa. Wenyewe hawajapatikana. Mmoja anasemekana yuko Bukavu, mwingine alionekana mara ya mwisho Bulengo kabla kambi haijavunjwa. Majirani hawataki kuyagusa bila neno lao, na wana haki. Lakini kila asubuhi nyayo zinatoka huko.

Kwa familia zilizo mbali zinazosoma au kusomewa habari hii, iwe Nakivale, Goma, Bukavu au kwingine, chifu wa kijiji na majirani wanawaomba kitu kimoja: pelekeni neno nyumbani. Semeni shamba lenu liko wapi, limepakana na nani, na nani mnamwamini aliangalie. Mkiruhusu lifyekwe, ombeni karatasi, ombeni mashahidi, ombeni picha za miti ya mpaka, na kataeni kabisa kitu chochote cha kudumu kipandwe. Kuruhusu hivyo hakumpi mtu ardhi yenu. Kunaweza hata kuwapa ushahidi ambao hamkuwa nao. Na kwa waliorudi wanaofuga: msiwape nguruwe wenu mabaki mabichi ya nyama, chemsheni kwanza chakula chao kwa nusu saa, wafungeni wasizurure, na mnyama akifa ghafla msimle wala msimuuze. Mzikeni chini sana, kisha mwite daktari wa mifugo.

Maharagi ya shamba la kushoto yalivunwa siku moja kabla ya viazi. Theluthi ilipimwa mbele ya chifu: madebe matatu. Yamekaushwa, yamechanganywa na majivu yasiliwe na wadudu, na kufungwa kwenye gunia lililoandikwa kwa mkaa jina la mwenye shamba. Liko darini kwa mama huyo, mbali na panya. Baba yule alipopigiwa simu kuambiwa, aliuliza ni maharagi ya rangi gani. Alipojibiwa, alisema hayo ndiyo aliyokuwa akipanda mke wake, na kwamba watajaribu kurudi kabla hayajazeeka.